Watoto Watabaki na Nani?

Somo la wazazi juu ya wosia na bima ya maisha

Masomo ya kusoma kwanza: Hesabu 27:1-11; 2 Wafalme 4:1-7; Yohana 19:25-27.



Mwaka 2015 katika machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, ardhi iliporomoka ikawafungia wachimbaji chini. Siku zikapita, na majuma yakapita. Baada ya siku 41 watu watano walitolewa wakiwa hai. Sisi wa Masumbwe, ambao Kahama ni jirani yetu na ambao wana wetu hushuka mashimoni kila asubuhi, hatujasahau habari ile, na twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini hebu tujiulize. Kama angekuwa ni mmoja wetu aliyefungiwa chini siku zile zote, je, nyumbani kwake wangejua mambo yake? Mke angejua mume anadaiwa na nani, na nani anadaiwa naye? Angejua ana sehemu gani katika duara, na kwamba wale ng'ombe watatu walioko kwa mjomba ni wa nyumba hii? Na kama asingetoka, nani angesimama mbele ya watu na kusema, "Watoto hawa nimeachiwa mimi"?

Hilo ndilo somo letu. Parishi yetu iko katika nchi ya dhahabu. Hadi mwaka 2012 tulikuwa Bukombe, mkoa wa Shinyanga. Sasa ni wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Lakini kazi zetu ni zile zile: jembe, ng'ombe, biashara kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na mashimo. Katika kazi hizi mtu huondoka asubuhi akiwa mzima, na jioni huletwa amebebwa. Tunayajua haya. Hata hivyo, walio wengi miongoni mwetu hawajaandika mstari mmoja juu ya watoto wao.

Kwa nini tunaogopa

Wengine husema kuandika wosia ni kukiita kifo. Mke akiuliza habari za mali, mume humtazama kwa jicho lingine, na ndugu wakisikia husema mwanamke yule ana jambo. Kwa hiyo kila mtu hunyamaza, na kunyamaza huku tunakuita heshima.

Fungueni Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliambiwa na nabii ayaweke sawa mambo ya nyumba yake, maana alikuwa anakaribia kufa. Naye akaongezewa miaka kumi na mitano. Kuweka nyumba sawa hakukumwua. Kanisa letu nalo halikuona haya kulisema jambo hili. Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, katika ibada ya kumtembelea mgonjwa, kasisi ameagizwa amhimize mgonjwa ambaye hajaandika wosia auandike, na atangaze madeni yake, anayodaiwa na anayodai. Kisha agizo lile laendelea kusema kwamba watu wakumbushwe mara kwa mara kuyapanga mambo yao wakiwa na afya. Yaani jambo hili lisingojee kitanda cha hospitali. Mtu mwenye homa kali, amezungukwa na ndugu wa upande mmoja tu, hawezi kutoa wosia ambao wengine watauamini.

Yanayotokea baada ya matanga

Hatutaki kuwasema watu wa ukoo vibaya. Ukoo ndio uliotulea, na mayatima wengi wa nchi hii wamelelewa na baba wadogo, shangazi na bibi ambao hawakuwa na kitu. Lakini ni lazima tuseme ukweli juu ya sheria itakayotumika kama baba hakuacha neno.

Wakristo wengi hudhani kwamba kwa kuwa tumebatizwa na tumefunga ndoa mbele ya kasisi, mali zetu zitagawanywa "kikristo". Sivyo. Ubatizo peke yake hauitoi mali ya Mwafrika chini ya mila. Mahakama huangalia mtu aliishi namna gani na alikusudia nini. Asipoacha alama yoyote ya kusudi lake, ni rahisi sana mirathi yake kwenda kwa mila. Na mila zenyewe ziliandikwa na Serikali mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali namba 436. Katika tangazo lile warithi wamepangwa kwa madaraja matatu: mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa yuko daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Mtoto wa nje ya ndoa harithi upande wa baba, ila kama baba ameacha wosia.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Tutairudia.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga waliyaonja haya. Waume zao walifariki mmoja mwaka 1999 na mwingine mwaka 2000, na wote wawili walitolewa katika nyumba zao pamoja na watoto na watu wa upande wa mume. Hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu kuomba sheria ile ya mila ibatilishwe. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba sheria ile inabagua, lakini ilikataa kuifuta, kwa kuogopa kugusa mila za makabila yote. Wakakata rufani, mwaka 2010 rufani ikatupwa kwa kasoro ya makaratasi. Mwisho walipeleka shauri lao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba haki zao zilivunjwa, walipwe fidia, na sheria irekebishwe. Hesabuni wenyewe: tangu kifo cha mume hadi neno lile la 2015 ni miaka kumi na mitano na zaidi. Mtoto aliyetolewa nyumbani akiwa mnyonyeshwaji alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Zipo sheria nyingine zinazomlinda mtoto na mwanamke, na yafaa tuzijue. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazikataa mila zinazomnyima mwanamke au mtoto haki ya ardhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto manufaa ya haki katika mali ya mzazi wake. Ni sheria njema. Lakini sheria haiji yenyewe siku ya kugawana. Ni lazima mtu aende kuiita, na mjane mwenye watoto wanne na nauli ya shida huchelewa kuiita. Baba aliye hai aweza kufanya kwa karatasi moja jambo ambalo mjane atalitafuta kwa miaka.

Binti za Selofehadi, na binti wa Muleba

Katika Hesabu sura ya 27 twasoma habari za mabinti watano ambao baba yao alikufa jangwani bila mwana wa kiume. Walikuja mbele ya Musa na wakuu wote, mlangoni mwa hema, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakuzaa mwana. Musa hakuwafukuza, wala hakuwajibu kwa mila aliyoizoea. Alilipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wale wamenena haki.

Kwetu huku Kanda ya Ziwa kuna habari inayofanana nayo. Katika wilaya ya Muleba baba mmoja alimwachia binti yake, Holaria Pastory, shamba la ukoo, kwa wosia ulio halali. Mwaka 1988 binti akaliuza shamba lile, na jamaa mmoja wa ukoo akamshtaki kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba binti ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume, kwa maana Katiba inakataza ubaguzi.

Watu wengi huisimulia hukumu hii kwa ajili ya jaji. Sisi twapenda kumkumbuka yule baba. Kabla jaji hajasema lolote, mzee mmoja wa kijijini alikuwa amekwisha kuamua kwamba binti yake naye ni mtoto, akaliweka neno lake katika wosia ambao haukuvunjika. Bila wosia ule binti angeingia mahakamani akiwa na nini mkononi?

Namna ya kuandika

Sheria ya mila yenyewe imeweka utaratibu wa wosia, na utaratibu huo una hekima ambayo mara nyingi hatuioni. Wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe taipu. Uwe na tarehe. Mwenye kuutoa aseme kwamba ana akili timamu na hakulazimishwa, kisha atie sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika. Kama anajua kusoma na kuandika, wawepo mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi hao wajue kusoma na kuandika, nao watie sahihi pamoja naye wakiwa mahali pamoja. Wosia wa mdomo nao unakubaliwa, kwa mashahidi wanne wa namna hiyo hiyo. Lakini ulimi wa shahidi huzeeka na shahidi naye hufa, kwa hiyo twawahimiza mwandike.

Tazameni wanaotakiwa wawepo: mtu wa ukoo na mtu baki. Mtu wa ukoo yupo ili baadaye ukoo usiseme karatasi ilitungwa na mke. Mtu baki yupo ili ukoo usikae peke yake ukageuza maneno. Mke aliye nyumbani naye awepo, asikie. Basi wosia wa namna hii si siri ya mtu mmoja iliyofichwa chini ya godoro. Ni mkutano mdogo wa amani, mwenye mali akiwa bado hai, aweza kuulizwa na aweza kujibu. Kaka mkubwa atakayenung'unika, na anung'unike siku hiyo mbele ya mwenye mali, kuliko kumnung'unikia mjane kaburini.

Mtu atakayepata kitu katika wosia asiwe shahidi wake. Hapa tuna neno dogo kwa wazee wanaopenda kuliachia kanisa ng'ombe au kiwanja: asanteni, lakini kasisi asiwe shahidi wa wosia huo. Tafuteni mwalimu, au mzee wa kijiji.

Tena msimnyime mrithi kwa hasira. Mila inataka sababu nzito itajwe waziwazi, kama vile mwana aliyejaribu kumwua mzazi, au aliyemtupa mzazi katika ugonjwa au njaa bila sababu. "Hanisalimii" si sababu. Wosia ulioandikwa kwa uchungu wa siku moja ndio unaovunjwa mahakamani, na ukivunjwa huvunjika pamoja na mema yaliyokuwamo.

Ni nini basi kiandikwe? Andika mali kwa majina yake: shamba la mpunga liko wapi na linapakana na nani, nyumba, ng'ombe na walipo, pikipiki, akiba katika chama cha akiba na mikopo, fedha za benki na za simu. Kwa wachimbaji tunasisitiza. Sehemu zenu katika duara mara nyingi ni maneno matupu kati ya watu wanne waliokaa chini ya mwembe. Mmoja akifa, mifuko ya mawe hugawanywa kwa watatu, na mjane hata hajui kwamba palikuwa na wa nne. Andikeni makubaliano yenu, mtie sahihi wote, na kila mmoja apeleke nakala nyumbani. Kama leseni ya uchimbaji ina jina lako, mkeo aijue ilipo.

Andika madeni pia. Yule mjane wa 2 Wafalme sura ya 4 alikuwa mke wa mtu mcha Mungu, na Maandiko hayamsemi vibaya mumewe. Lakini mwenye kudai alikuja, na alichokuja kukitwaa ni watoto wawili. Siku hizi hawatwai watoto kuwa watumwa. Hutwaa shamba, na watoto huenda kuchunga ng'ombe wa watu. Deni lililoandikwa hulipwa kadiri lilivyo. Deni lisiloandikwa hukua msibani. Wadai huja hata usiowajua.

Tena usiandike kisicho chako. Kama wewe na mkeo mlilima pamoja na kujenga pamoja, nyumba ile si yako peke yako ya kugawa. Lililo jema zaidi ni kuingiza majina yenu wote wawili katika hati ya ardhi tangu sasa. Kilicho na jina la mama hakingoji urithi.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa nje ya ndoa. Kanisa linafundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, wala hatulegezi fundisho hilo. Lakini dhambi ni ya wazazi. Mtoto hakuomba kuzaliwa upande wa pili wa barabara. Baba anayekiri dhambi yake mbele ya Mungu na kulificha jina la mtoto katika wosia wake, toba yake haijafika mahali. Ibrahimu, katika Mwanzo sura ya 25, aliwapa wana wa masuria zawadi zao yeye mwenyewe, wakati alipokuwa angali hai, maana aliijua nyumba yake. Na ninyi mnaoishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawadhania kuwa mume na mke walioishi pamoja miaka miwili na zaidi na kupata sifa hiyo mbele ya watu, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa, na hupingwa hasa mmoja akiwa kaburini. Njoni mwoneni kasisi.

Mlezi ni nani

Yesu msalabani hakuwa na mali. Hata mavazi yake askari waliyagawana na kuyapigia kura chini ya macho yake. Alichokuwa nacho ni mama, na mama huyo alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, kwa kinywa chake, watu wakisikia, na mwanafunzi akampokea kwake tangu saa ile. Basi jambo la kwanza katika wosia ni mtu atakayewapokea watoto. Ng'ombe na shamba hufuata.

Mtaje mlezi kwa jina. Muulize kwanza, maana wapo waliojikuta wametajwa na hawakuwa na nafasi wala moyo. Mtaje na wa pili, endapo wa kwanza atatangulia. Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho, nayo huangalia manufaa ya mtoto, lakini neno la mzazi lina uzito. Kama mama yupo hai, hatuoni sababu ya kumtafutia mwingine, isipokuwa msaidizi.

Mlezi wa watoto na msimamizi wa mirathi waweza kuwa watu wawili, na pengine ni heri wawe wawili, mmoja akimwangalia mwenzake. Hapa liko kosa kubwa katika nchi yetu: msimamizi hujiona mrithi. Huenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, hupewa barua, na tangu siku hiyo huiita mali ya marehemu "mali yangu". Barua ile ni kazi, wala si zawadi. Kwa kanuni za mahakama ya mwanzo, ndani ya miezi minne anatakiwa alete orodha ya mali na hesabu ya namna alivyoigawa. Mjane aliyengoja mwaka mzima bila kuona hesabu ana haki ya kurudi kwa hakimu na kuuliza. Tunawaomba wazee wa kanisa wamsindikize, maana mahali pale mtu wa peke yake huogopa.

Wosia ukiisha, uweke mahali zaidi ya pamoja. Wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, yaani RITA, huhifadhi wosia na pia husaidia kuuandika. Nakala nyingine yaweza kukaa kwa mtu unayemwamini. Pamoja nao weka vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kuonyesha kwamba ni mtoto wa nani, hata kama kijiji kizima kinamjua kwa sura ya baba yake.

Juu ya bima ya maisha

Wengine wataona neno hili ni la mjini. Lakini sisi tayari tuna bima, ila hatuiiti hivyo. Chama cha kufa na kuzikana ni nini? Kila mmoja hutoa kidogo, ili atakayepatwa asilie peke yake. Hiyo ndiyo bima. Upungufu wake ni mmoja: huzika, hununua sanda na jeneza, hulisha waombolezaji, na siku matanga yakiisha kazi yake imekwisha. Mtoto wa miaka saba bado ana miaka kumi na moja ya kula na kuvaa mbele yake. Ada ya shule za Serikali imeondolewa, hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016 na hadi cha sita tangu 2022, lakini sare, daftari, viatu na chakula havikuondolewa.

Wala si ukosefu wa imani. Mwaka 1744 wachungaji wa Kanisa la Scotland waliweka mfuko kwa ajili ya wajane na yatima wao. Kila mchungaji alitoa fungu lake kila mwaka, na hesabu ilifanywa kwa uangalifu ni wachungaji wangapi huenda wakafa na wajane wangapi wangebaki. Mfuko ule huhesabiwa kuwa mmoja wa mifano ya kwanza ya bima ya maisha kama tuijuavyo. Watu wale walisali kila siku, na walihesabu pia.

Kwetu Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa peke yake katika kazi hiyo, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia mlango wengine. Leo yapo makampuni kadhaa, yanayosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mtu akikujia na mkoba na maneno matamu, uliza kama kampuni yake na yeye mwenyewe wana leseni ya mamlaka hiyo. Usitoe fedha bila stakabadhi.

Kwa kifupi bima ya maisha ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya muda: unalipa kwa miaka fulani, na ukifa katika miaka hiyo watoto hulipwa; usipokufa hakuna kinachorudi, kama vile mlinzi wa usiku asivyokurudishia mshahara kwa sababu mwizi hakuja. Ya pili ina akiba ndani yake, na miaka ikitimia hulipwa wewe mwenyewe. Nyingine hupangwa zitimie wakati mtoto anapoingia masomo ya juu. Hii ya pili ni ghali zaidi. Maoni yetu ni haya: mzazi kijana mwenye watoto wadogo na mapato madogo atazame ile ya muda kwanza, maana kwa fedha ile ile humpatia mtoto kinga kubwa zaidi. Na mkulima asikubali kulipa kila mwezi kama fedha yake huja mara moja, baada ya kuuza mpunga au pamba. Aombe kulipa kwa mwaka. Bima nyingi hufa si kwa udanganyifu wa kampuni, bali kwa sababu mwenyewe aliacha kulipa mwezi wa njaa.

Uwaambie ukweli. Kama unashuka mashimoni, sema. Kama una ugonjwa, sema. Huenda utatozwa zaidi, au utakataliwa, na hilo litakuuma; lakini aliyeficha kazi yake au maradhi yake amewanunulia watoto karatasi ambayo kampuni yaweza kuikataa siku ya msiba.

Jina la atakayepokea liangalieni sana. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukabidhiwa fedha mkononi, kwa hiyo ni lazima awepo mtu mzima wa kupokea kwa ajili yake, na mtu huyo afanane na yule wa kwenye wosia. Wako watu waliojaza fomu wakiwa vijana, wakamwandika kaka. Wakaoa, wakazaa, na fomu haikuguswa tena. Mambo haya yahusu pia NSSF, ambayo huwapokea hata waliojiajiri, wakulima na wachimbaji, na akiba zenu katika vyama vya akiba na mikopo. Walioajiriwa wajue tena kwamba uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, ambao huwaangalia wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kwa ajali ya kazini. Kukiwa na ugomvi na kampuni ya bima, upo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wa kulalamikiwa.

Na asiye na uwezo wa bima? Asilale njaa na watoto ili alipe bima. Wosia hauna bei kubwa. Ni karatasi, wino na mashahidi. Aanze na huo. Kisha chama chake cha kufa na kuzikana kikae siku moja na kuulizana kama katika michango ile yaweza kutengwa fungu dogo la mayatima kwa mwaka wa kwanza baada ya msiba. Kina mama katika umoja wao ni hodari wa hesabu za namna hii kutupita sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini binti za Selofehadi walisema mbele ya mkutano wote, na si kwa Musa peke yake? Linganisheni na mashahidi wa wosia.

2. Katika ukoo wenu, nani huamua mjane atakaa wapi? Je, yeye huulizwa?

3. Mjane wa 2 Wafalme 4 aliulizwa ana nini nyumbani. Kama mumeo au mkeo angeulizwa hivyo kesho, ni mambo gani asingeweza kuyajibu kwa sababu hujamwambia?

4. Kila mzazi aandike faraghani majina mawili ya walezi wa watoto wake. Kabla ya mkutano ujao awaulize watu hao wawili kama wanakubali, atuletee jibu.